Tulikuwa tunapima stima ya watu, si programu zao

Kila niliyemwomba ushauri wa kuajiri waandishi wa programu aliniambia jambo moja: nunua huduma ya mtihani wa mtandaoni, weka maswali magumu, washa kamera, chukua waliopita asilimia 70, wengine waage. Nilifuata ushauri huo neno kwa neno, na nusura tumpoteze mtu bora kuliko wote tuliowahi kuajiri. Naandika kwa sababu bado nawasikia watu hapa Kampala wakipeana ushauri uleule, na kila nikiusikia roho inaniuma.

Ofisi yetu ni ndogo, iko Ntinda. Tunatengeneza programu za SACCO, vyama vya kuweka na kukopa: akiba, mikopo, riba, na pesa za simu zinazoingia na kutoka. Mkurugenzi wetu, ambaye sote tunamwita Mzee ingawa hajafika miaka 50, alitaka watu wawili wanaoijua Python, lugha ya kuandikia programu. Tangazo likaleta wasifu 41. Wote wamesoma, wote wanajua kila kitu, kwa karatasi.

Kwa asiyewahi kukaa upande wa mwajiri, mitihani hii inakwenda hivi. Unachagua maswali kwenye hazina ya kampuni ya mtihani, unatuma linki. Mwombaji anafungua ukurasa wenye swali upande mmoja na mahali pa kuandikia msimbo upande wa pili, saa ikihesabu kurudi chini. Akibonyeza, programu yake inapitishwa kwenye majaribio. Machache anayaona, mengi yamefichwa. Mwisho wewe unapewa asilimia. HackerRank na Codility, kampuni mbili za mitihani hii, zote zilianza 2009, kwa hiyo si jambo geni, na vijana wa vyuo vya Makerere na Kyambogo wanaijua michezo hii kuliko sisi tunaowapima. Huduma tuliyoilipia sisi ni nyingine. Ilitugharimu dola mia na ushee kwa mwezi, laki nne na kitu za Uganda.

Siku ya kwanza iliharibika kabla haijaanza. Nilipanga mtihani ufunguke saa tatu asubuhi, nikaandika 09:00, sikujua kwamba akaunti inahesabu kwa UTC, saa za kimataifa. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo watu walioomba ruhusa kazini, waliokodi meza kwenye intaneti kafe, waliokaa tayari tangu alfajiri, walikuta mlango umefungwa hadi saa sita mchana. Simu yangu haikunyamaza asubuhi ile yote. Niliwaomba radhi mmoja mmoja. Ukiandaa mtihani, fungua linki yako mwenyewe kutoka kwenye simu ya mtu mwingine, siku moja kabla.

Kamera nayo niliijaribu kwanza kwa nafsi yangu, jioni, nyumbani, chini ya balbu ya kawaida. Mfumo ukanionya mara nne kwamba hauoni uso. Nikawasha tochi ya simu nikaielekeza machoni, ndipo ukanikubali. Nikakumbuka utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa 2018 juu ya programu zinazotambua jinsia kwa uso: kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kosa lilifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe halikuzidi 0.8. Kile kilikuwa kipimo kingine, lakini mimi nilishaona ya kutosha. Mtu anafikiri juu ya algorithimu huku tochi inamchoma macho? Nikaizima kamera. Tena inakula data ya mwombaji, si yangu.

Matokeo yakaja. Saba walipita asilimia 70, na mmoja alikuwa na 100. Mzee akafurahi, akasema mwite huyo kesho.

Kijana alikuja amevaa vizuri, anaongea vizuri. Nikafungua jibu lake mwenyewe, la lile swali la kutafuta namba mbili ambazo jumla yake ni fulani. Nikamuuliza, “Kwa nini umetumia kamusi hapa?” Kamusi ya Python ni ghala linalokutolea kitu papo hapo ukilipa jina lake, bila kupekua vyote. Akatazama skrini muda mrefu. Nikamwambia basi niandikie mzunguko (amri inayorudiwa kwa kila kitu kwenye orodha) unaojumlisha mikopo ya mwanachama mmoja. Dakika kumi zikapita, na sikuweza kuendelea kumtazama akiteseka. Swali lile ndilo la kwanza kabisa kwenye LeetCode, tovuti ya kufanyia mazoezi ya mitihani hii. Majibu yake yamejaa kila mahali, nami nililichukua kwenye hazina bila kufikiri. Nilipowarudia wale saba, wawili walikuwa wameandika jina lilelile la kigezo, lenye kosa lilelile la tahajia. Ripoti ya kufanana ya huduma ilikuwa imewaonya, lakini ilikuwa imeonya pia watu kumi wengine ambao hawakuwa na hatia: jibu la mistari sita lazima lifanane na la jirani.

Hapo nikafanya jambo nililopaswa kulifanya kabla ya yote. Niliwapa mtihani uleule wenzangu wawili wa ofisini, watu ambao programu zao zinabeba SACCO nzima nzima. Mmoja alipata 62. Mwingine, mwenye miaka minane kazini, alipata 48. Nikaziweka karatasi mbili mbele ya Mzee bila kusema neno. Akazisoma, akavua miwani. “Kwa hiyo tungewakataa hawa?” Tungewakataa.

Nikarudi kwenye orodha, safari hii kuanzia chini.

Huduma zile huhifadhi kila herufi mtu anayoandika, na unaweza kuitazama kama video. Wengi hawafungui sehemu hiyo, wanaishia kwenye asilimia. Mimi nilikaa nayo usiku mbili. Kwa wale waliobandika majibu unaona skrini tupu, tupu, tupu, kisha ghafla mistari 30 imetua kama mvua ya mawe. Lakini nilifika kwa mtu mwenye 35, nikasahau hata chai.

Alianza kwa kuandika maelezo kwa Kiswahili juu ya ukurasa: “kwanza ijibu sawa, halafu iwe haraka.” Mimi nimekulia kambini Jinja, Kiswahili ndicho tulichogombania nacho watoto wa askari, na sikutarajia kukikuta ndani ya mtihani wa Python. Akaandika mzunguko ndani ya mzunguko. Akajaribu mfano, ukapita. Akajitungia mifano ambayo swali halikutaja: orodha tupu, namba moja tu, namba hasi. Akagundua kosa lake, akalirekebisha, akaweka alama mahali atakaporudi. Halafu akahamia swali la pili, akafika katikati ya mstari, mkono ukasimama.

Dakika 26 hakuna herufi. Saa inaendelea kuhesabu. Kisha mistari minne ya haraka haraka, na muda ukaisha.

Nikampigia. “Dada, rezo ilikatika,” yaani mtandao, alisema kwa Kiswahili cha Kivu, mashariki mwa Kongo. Alikuwa Nakivale, kule Isingiro, kwenye makazi ya wakimbizi. Laptopu aliichajisha kwa sola ya duka moja, shilingi elfu moja kwa kuijaza. Intaneti ilitoka kwenye simu yake. Mtandao ulipopotea aliibeba laptopu mgongoni akapanda kilima hadi pale unaposhika, na alipofika, muda ulikuwa umebaki dakika mbili. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama ningemwambia jaribio lipi lilimshinda kwenye swali la kwanza.

Nikamwambia: lile la namba 100,000. Mzunguko ndani ya mzunguko hapo unalinganisha jozi zipatazo bilioni 5. Hata Python ikipiga milioni 10 kwa sekunde, ni zaidi ya dakika nane, na mtihani unatoa sekunde chache tu. Akajibu hapohapo: “Ndiyo maana niliweka alama. Nilitaka kurudi niweke kamusi, nipite mara moja tu.” Alinieleza kwa simu, bila skrini, kile ambacho mwenye 100 hakuweza kunieleza akikitazama.

Basi nikaacha ile huduma na kuandika mtihani wangu. Huu ndio ninaoringia.

Nilichukua kazi yetu halisi. Faili yenye mistari 240 ya taarifa za pesa za simu, majina na namba ni za kubuni, na programu fupi yenye makosa inayopaswa kuingiza pesa hizo kwenye akaunti za wanachama. Kazi: itengeneze. Ndani nilificha mitego mitatu, kila mmoja umetuumiza sisi kweli. Wa kwanza, muamala uleule unafika mara mbili, kwa sababu kampuni ya simu isipopata jibu letu hutuma tena. Ukiuhesabu mara mbili umempa mtu pesa za bure. Wa pili, namba ya simu imeandikwa kwa 07, kwa 256, kwa +256, na moja imepoteza sifuri ya mbele kwa sababu mtu aliifungua kwenye Excel. Wa tatu ndio ninaoupenda. Mwanachama mmoja anaweka 20,000, na baada ya sekunde 40 anaweka 20,000 nyingine. Kiasi kilekile, mtu yuleyule, lakini namba za muamala ni tofauti. Hizo ni pesa mbili za kweli. Anayefuta marudio kwa kutazama jina na kiasi anakula pesa ya mama wa watu sokoni Nakawa. Maelekezo hayasemi lolote juu ya mstari huo. Nilitaka kuona nani ataandika kuuliza.

Kabla ya kuutuma niliupa programu moja ya akili bandia. Maswali ya ile hazina ilikuwa imeyajibu yote ndani ya sekunde. Kwangu ilipita majaribio 9 kati ya 12, na pesa ya mama wa Nakawa iliila bila wasiwasi. Nikaamua sizuii kitu: tumieni mnachotaka, maana kazini pia mtakitumia.

Na stima na mtandao? Nilitumia Git, programu ya kutunza historia ya msimbo. Linus Torvalds alipoianzisha 2005 aliifanya ihifadhi kila hatua kwenye mashine yako mwenyewe, mtandao uwepo usiwepo. Kila mwombaji alipewa hifadhi yake ya faragha, akaishusha mara moja, akafanya kazi hata gizani, akarudisha alipopata mtandao. Tulifungua Ijumaa asubuhi tukafunga Jumapili usiku, na nikawaomba wasizidishe saa tatu za kazi. Kila hatua inabaki na muda wake, kwa hiyo nilipata tena ile video yangu bila kumlipa mtu. Tuliwatumia shilingi elfu tano tano za data. Kwa watu 16 niliowaita upya haikufika hata robo ya bei ya ile huduma.

Majaribio yaliyofichwa niliyaendesha mwenyewe kwenye kompyuta ya pembeni, ndani ya kontena ya Docker, kama chumba kilichotengwa ndani ya kompyuta, iliyokatwa intaneti. Hapa nasisitiza sana: msimbo wa mtu usiyemjua usiuendeshe kwenye mashine yenye data za wateja, hata kwa dakika moja, hata kama kijana anaonekana mpole.

Watano waliandika kuuliza kuhusu zile 20,000 mbili. Wa Nakivale aliuliza Ijumaa hiyohiyo mchana, akaongeza kwamba ingefaa tumpigie mwanachama kabla ya kugusa chochote. Alipata 11 kati ya 12. Sifuri iliyopotea ilimponyoka. Wa pili tuliyemchukua ni dada wa Mbale, 58 mara ya kwanza, 12 safari hii. Mwenye 100 hakurudisha kitu.

Kila aliyefika mwisho nilizungumza naye nusu saa: kampuni ya simu imerudisha muamala mmoja, badilisha programu yako sasa, ukinieleza unavyofikiri. Ndani ya dakika tano unajua nani aliandika.

Mtu wa utawala alikuwa na hofu kuhusu karatasi za mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kufanya kazi, tukalimaliza siku hiyohiyo. Wiki ya tatu alifungua ripoti yetu ya riba ya mwezi, ambayo kwa miaka tulikuwa tunaiacha ijiendeshe dakika 40 huku tukinywa chai. Ndani yake mlikuwa na mzunguko ndani ya mzunguko, wanachama wote mara miamala yote. Akaweka kamusi. Sasa inaisha kabla maji hayajachemka, na Mzee huwaonyesha wageni kwenye simu yake.

Juzi nimelikuta swali letu kwenye kundi moja la Telegram, na jibu chini yake. Nilipolipitisha jibu hilo kwenye majaribio lilipata 9. Mwezi ujao tunatafuta mtu wa tatu, na tayari naandika jingine, la mkopo ambao mwanachama ameulipa mapema.