Nilivyopata rimu za Subaru yangu baada ya zile za zamani kupasuka

Kijana wa upepo pale Goba, Dar es Salaam, alifika mahali akaacha kuniuliza. Akiniona naingia tu, anavuta mpira wake na kwenda moja kwa moja kwenye tairi la mbele kushoto. Anajaza psi 32, kesho yake jioni nakuta 20. Alishalifungua mara mbili kutafuta msumari, akabadilisha na valvu, akaliweka kwenye karai la maji. Hakuna pancha. "Bosi, hili tairi lako lina jini," akaniambia, na siku hiyo hakunidai hela.

Gari lenyewe ni Impreza WRX ya 2001, ile yenye macho ya mviringo ambayo hata wapenzi wa Subaru waliicheka ilipotoka. Nililinunua mtumba kwa mtu ambaye naye alilinunua mtumba. Lina rimu za inchi 17 na matairi ya 215/45. Hiyo 45 ndiyo ya kuogopa: maana yake ukuta wa tairi ni asilimia 45 ya upana wa milimita 215, kwa hiyo kati ya rimu na lami una mpira wa kama sentimita 9.7 tu. Ukilitazama limesimama linapendeza. Ukiingia kwenye shimo, mpira huo unajikunja hadi mwisho na pigo lote linaishia kwenye rimu.

Na shimo nililiingia. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli, natoka Ubungo usiku, mbele kuna dimbwi nililolidhani ni maji ya juu juu. Mlio niliousikia haukuwa wa tairi. Ulikuwa mlio wa sufuria lililoangushwa sakafuni. Nilipunguza mwendo, nikasikiliza, usukani umetulia, nikajisemea nimepona.

Miezi miwili ya kulisha jini upepo ndiyo iliyonipeleka kwa fundi wangu wa Tabata. Ni mzee wa maneno machache. Hakugusa tairi kwa upande wa nje. Alilitoa gurudumu, akaligeuza mgongo juu, akapaka maji ya sabuni kwenye ukingo wa ndani, ule unaotazama chini ya gari ambao hakuna anayeuosha. Tukangoja. Vijipovu vikaanza kutoka kimoja kimoja, vikajipanga mstari kama shanga, urefu wa kidole gumba. "Huyo hapo jini wako," mzee akasema.

Kisha akaniuliza kama dukani kuna chaki. Nilidhani anataka kuandika hesabu. Alitoa matairi yote manne, akasugua rimu kwa petroli hadi zikang'aa, akapaka mafuta ya taa kwa brashi, tukanywa chai. Baadaye akazifuta kavu kabisa na kuzinyunyizia unga wa chaki kama mtu anayepaka mtoto poda. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yakaanza kurudi juu na kulowesha chaki. Mstari wa kijivu ukajichora wenyewe mbele yetu. Ukajichora na kwenye rimu ya nyuma kushoto, ambayo haikuwahi kupoteza upepo hata siku moja, na huo ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu ulikuwa unatoka ukingoni kuelekea kwenye mkono mmojawapo, ile mikono inayounganisha ukingo na katikati ya rimu. Ya tatu haikuwa na ufa, lakini ilipozungushwa kwenye mashine ya balansi ilicheza kama sahani iliyopinda. Nzima ilibaki moja.

Kila niliyemweleza aliniambia nikachomelee. Wapo wanaochomelea aluminiamu kwa gesi ya agoni, wakaisaga, wakapaka rangi, na usijue kilichopita. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na rimu nzima. Nilitamani, sitaficha. Lakini rimu hizi zikishamiminwa kiwandani hupitishwa kwenye joto maalumu ili zikomae, na moto wa kuchomelea unaondoa ukomavu huo pembeni mwa kiungo. Unaziba ufa halafu unaacha sehemu laini kando yake. Ufa wa ukingoni labda ningebishana na mzee. Ule uliokuwa unakwenda kwenye mkono, hapana. Gari hili ndilo linalopeleka watoto shule.

Nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani. Winga, yaani dalali wa mtaani anayekutafutia bidhaa, alinidaka kabla sijavuka barabara.

"Kaka, unatafuta nini, nikupeleke?"

"Rimu."

"Nati ngapi, inchi ngapi?"

Nati tano, inchi 17. Na PCD? Nayo alikuwa anaijua: PCD ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya nati zote, na Impreza yangu inatumia milimita 100, si 114.3 kama magari mengi ya nati tano. Akanipeleka kwenye seti ya rimu za Celica, nzuri, hazina mkwaruzo, PCD 100. Nikapima kwa rula, sawa. Nikalipa laki sita, nikapakia kwenye bajaji, nikafika Tabata natabasamu.

Mzee aliichukua moja, akaipachika. Bolti tano zikapita kwenye matundu matano bila shida, kisha rimu ikagoma. Ilibaki imesimama mbali na diski, pengo la kuingiza sarafu. Akaitoa, akapima tundu la katikati, akapima habu, ile sehemu ya gari inayochomoza na kuingia kwenye tundu hilo, akanipa kalipa ya kupimia nisome mwenyewe. Tundu la Toyota: 54.1. Habu ya Subaru: 56.1. Milimita mbili! Kijana mmoja pale gereji akashauri tukaze tu, nati zitaivuta. Mzee hakumjibu, alimtazama tu. Halafu nati zenyewe hazibadilishani: nafasi kati ya nyuzi za nati za Subaru ni milimita 1.25, za Toyota 1.5.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza tundu la katikati. Nami sikuwa najua kama ni kitu cha kuulizwa. Lingekuwa kubwa kuliko habu ningetafuta pete za kujazia, zipo na ni rahisi. Likiwa dogo huna pa kwenda ila kuchonga, na winga niliporudi naye alinishauri hivyo hivyo: "Peleka kwa mtu wa mashine apitishe kidogo." Akikosea kitovu kwa nusu milimita tu, unanunua usukani wa kutetemeka maisha yote. Tulibishana mpaka adhuhuri. Wakanirudishia laki tano na nusu, nikaona bora.

Safari ya pili nilikwenda Ilala, kwenye yadi ya spea zilizotumika kutoka Japani, na nilikuwa nimeshajua cha kutafuta: rimu za Subaru nyingine. Forester nyingi na Legacy za miaka ile zina PCD 100 na tundu lile lile la 56.1. Jamaa alikuwa na za Legacy, ile iliyoanza kutoka 2003. Nikazigeuza mgongo. Nyuma ya mikono kumeandikwa 17x7JJ, yaani inchi 17 kwa upana wa inchi 7, namba 55, na alama ya JWL, ambayo ni ya viwango vya Japani. Hiyo 55 ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapolalia habu. Ikipungua sana gurudumu linatoka nje na kusugua fenda.

Nilikuwa nimebeba mafuta ya taa kwenye chupa ya maji na chaki mbili mfukoni. Muuzaji alicheka, akawaita wenzake waje waone. Rimu ya tatu ilipotoa mstari akaacha kucheka, akaibeba ndani kimya kimya na kurudi na nyingine. Tulimalizana laki saba na nusu.

Matairi nilitaka kubadilisha mawili tu. Mzee akakataa: gari linavuta miguu yote minne, tairi jipya na lililokwisha yana mizunguko tofauti, na tofauti hiyo inalipwa na difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kila kilomita. Tukaazima futi ya fundi cherehani wa jirani tuone. Futi inaishia sentimita 150, tairi lina karibu mita mbili, ikabidi tuweke alama ya chaki na kupima mara mbili. Tofauti ilipita sentimita moja, wakati inatakiwa isizidi kama milimita 6. Nikanunua manne. Dukani nilisoma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, wiki na mwaka wa kutengenezwa: matatu yalikuwa ya 2022, moja 1418, yaani wiki ya 14 ya 2018, jeusi tii limepakwa dawa ya kung'arisha. Likabadilishwa.

Kufunga kulikuwa kwepesi. Nati zilianzwa kwa mkono, zikakazwa kwa kuruka moja moja, na nilimzuia kijana asiongeze bomba kwenye spana. Kitabu cha gari kinataka newtoni-mita 80 hadi 100, siyo uzito wa mtu mzima aliyesimama juu. Balansi, alaimenti, nikaondoka. Baada ya kilomita mia nikarudi kukaza upya. Nati mbili zilikuwa zimelegea kidogo.

Wiki hiyo winga wa Gerezani alinipigia. Kasikia nina rimu za zamani, anazitaka, hata zilizopasuka, "tunapiga rangi tu kaka". Ile nzima nimeiweka ya akiba. Zile mbili zenye nyufa niliomba nyundo kubwa kwa mzee, nikazivunja mikono pale pale gereji, kisha nikawauzia vipande kwa kilo wale wanaoyeyusha aluminiamu kufinyanga sufuria.