HP5 kwa D-76 na Rodinal: hatimaye 2.8 kwa 2.8

Jana usiku imekubali. Vipande viwili vya HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe, kimoja nimekisafisha kwa dawa ya D-76, kingine kwa dawa ya Rodinal 1+50 (sehemu moja ya dawa kwa 50 za maji), na kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe, mita inaisoma stopu 2.8 kote kote. Nilikuwa nimebakiza kidogo niitupe chupa ya Rodinal.

Miaka yote nimewahubiria watu kwamba Rodinal inatoa punje (vidoa vidogo vinavyoijenga picha) kama mchanga. Ushahidi wenyewe? Nilifuata dakika za kwenye karatasi, 7½ kwa D-76 na 11 kwa Rodinal, nikachungulia kwa lenzi, basi. Kontrasti sikupima hata siku moja. Na negativu yenye kontrasti kali huonyesha punje zaidi hata dawa ikiwa ileile.

Safari hii nililaza ukanda wa ngazi 21 za weusi, kila moja 0.15, yaani nusu stopu, juu ya filamu nikaumulika kwa mashine ya kukuzia, taa ileile, sekunde zilezile. Naanzia ngazi iliyozidi ukungu (weusi wa filamu isiyopigwa mwanga) kwa 0.10, napanda ngazi 9, ambazo ni 1.35, na tofauti ya weusi iwe kama 0.83, maana kiwango cha ISO kinataka 0.80 kwa tofauti ya mwanga ya 1.30, zote kwa logi. Densitomita, chombo chenyewe cha kupimia weusi wa filamu, sina. Natumia mita ya doa, ile ya kupimia mwanga wa sehemu ndogo, kwenye meza ya taa, nimeizungushia kadi nyeusi, kila stopu (mwanga mara mbili) ni 0.30, kwa hiyo 0.83 ndiyo hiyo 2.8. Icheke ukitaka, lakini nikirudia mara tano inasema vilevile. Skana sitaki hata kuisikia: inajirekebisha yenyewe kila fremu, tofauti zote inazipiga pasi.

D-76 ikatoa 2.8 mara ya kwanza. Rodinal dakika 11: 3.4. Nikashuka hadi 9: 3.1. Vizuri. Nikashuka hadi 8: 3.2.

Dakika zimepungua, kontrasti imepanda! Nikalaumu sindano ya kupimia dawa. Nikachanganya upya: 3.0. Nikalaumu mita. Siku ya nne ndipo nikatumbukiza kipimajoto kwenye dawa *niliyokuwa naimwaga*. Ilikuwa nyuzi 23. Naanza na 20 sawasawa, halafu nalikumbatia tenki kwa viganja viwili kila dakika nikilipindua, kama natuliza mtoto. Hapo ndipo joto lilipokuwa likiingia.

Sasa tenki linakaa kwenye beseni la maji ya 20, nalishika kwa kifuniko tu. Rodinal dakika 8½: 2.8. Kilichoniuma ni kwamba D-76 nayo ilikuwa inabebwa na joto la mikono yangu. Ndani ya beseni ilishuka hadi 2.6, ikabidi niipe dakika 8 kuirudisha. Kwa hiyo namba zote za mwanzo nimezifuta.

Na punje? Rodinal bado inazo zaidi, kwa kuwa D-76 ina gramu 100 za salfaiti kwa lita, inayolamba kingo za punje, na Rodinal iliyozimuliwa hivi haina nguvu hiyo. Ila si ule mchanga niliokuwa nautangaza. Kilichonishtua zaidi ni kivulini, sehemu zenye mwanga hafifu: kwa Rodinal ngazi ya kuanzia imesogea moja nzima, nusu stopu imeliwa.

Zamu ilikuwa ya Tri-X, filamu nyingine, vipande nimeshavikata. Lakini hiyo nusu stopu imeninyima usingizi. Nataka kujaribu Rodinal 1+100, nipindue tenki mara moja tu kila dakika tatu, nione kama kivuli kitarudi kabla 2.8 haijapita. Tri-X imerudi kwenye boksi.