Nilivyokipata kijito chini ya maegesho yetu

Aprili 2024, wakati nusu ya Nairobi ilikuwa imefurika, mimi ndiye niliyekuwa nikimsimanga keretaka wetu kila asubuhi. Maji yaliingia kwa geti, yakazunguka magari, yakapumzika mlangoni pa nyumba ya chini kama mgeni aliyealikwa. Keretaka aliapa mitaro iko safi. Mzee wa nambari nne, mtoto wa Makongeni ambaye babake alifanya kazi ya reli, aliniangalia nikifoka kisha akasema: "Kijana, hapa tulikuwa tunakuja kushika vyura."

Hapo ndipo ugonjwa wa ramani uliponishika.

Ramani ya sasa unaweza kuitafuta kwa wapima ardhi wa serikali kule Ruaraka. Mimi nilitaka ya zamani, kabla mitaa yetu ya Donholm haijamea. Niliipata kwa muuza vitabu vya mtumba mjini: karatasi nambari 148/4, Nairobi, skeli ya 1:50,000, imekunjwa mara nane na kuchanika penye mikunjo. Mia tano, au mia saba, sikumbuki. Nikaipiga picha, nikaitia kwenye kompyuta.

Ukizoea Eastlands ya leo, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi kama yetu, karatasi hiyo inakushtua kwa uweupe wake. Ukipita Jogoo Road, ambayo wazee bado wanaiita Doonholm Road kwa sababu ya shamba la Mskoti aliyekuwa huku, nyumba zinaisha na mbuga inaanza. Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja, zimeachana sana kwa kuwa ardhi ni tambarare. Lakini fuata mmoja kwa kidole: unakwenda vizuri, unajikunja kama herufi V, halafu unaendelea na safari. Ncha ya V huelekea maji yanakotoka. Na katikati ya V zile, karibu kabisa na kwetu, palikuwa na vistari vya buluu vilivyokatikakatika. Kijito cha msimu, hakina hata jina.

Sasa niwasimulie aibu. Jamaa mmoja anayejiita mtaalamu aliniambia kazi ni dakika tano: chukua digrii za latitudo na longitudo zilizoandikwa kwenye pembe za karatasi, ziingize kwenye programu ya ramani iitwayo QGIS, ramani itakaa juu ya picha ya setilaiti. Nikafanya hivyo. Kijito kikapita moja kwa moja chini ya kanisa lililo juu yetu. Sikungoja. Nikatuma picha kwenye WhatsApp ya wapangaji, na maelezo marefu kama ya mhadhiri, kwamba maji yetu yanatoka kanisani. Wakaniuliza mbona kanisa ni kavu na sisi ndio tunaelea. Kuna mama aliandika "Amina" tu. Wiki nzima niliitwa Musa.

Iliyoniokoa ni reli. Nilipoisogeza ramani nikaona reli ya kwenye karatasi iko sambamba na ile ya kwenye picha, ila haigusani nayo. Mito vilevile. Kila kitu kimehamia kaskazini karibu mita 300, na magharibi kidogo, kama mita 90. Kumbe wapimaji wa zamani walitumia umbo la dunia liitwalo Clarke 1880 na mfumo wa kutaja mahali kwa digrii uitwao Arc 1960, na simu zetu zinatumia mfumo mwingine, WGS84. Digrii zilezile, mahali tofauti! Kwenye karatasi ni milimita 6 tu, lakini mtaani ni tofauti ya kanisa na geti langu. Yule mtaalamu nilipomuuliza, alisema alidhani najua.

Unaweza kuchagua Arc 1960 ndani ya programu na mambo yakaisha. Mimi, kwa ukaidi, niliachana na digrii kabisa nikatafuta vitu visivyohama, vilivyo kwenye karatasi na kwenye picha ya setilaiti pia, nivitumie kama alama za kuifunga ramani: mahali reli inapovuka mto, mito inapokutana, daraja kuukuu. Barabara usiziamini, zimepanuliwa na kunyooshwa. Wala usirundike alama zako upande mmoja, karatasi itajivuta kama chapati. Nilipata alama saba nzuri baada ya jioni tatu na ugomvi mmoja nyumbani kuhusu meza ya kulia.

Kijito kikashuka. Kikatoka kanisani, kikavuka ukuta, kikapita chini ya magari yetu na kutokea nyuma ya gereji.

Safari hii sikutuma kitu kwa mtu. Nilingoja Februari, jua la kupasua ule udongo wetu mweusi, nikaenda nyuma ya gereji na simu mkononi. Kila kitu kilikuwa kimekauka isipokuwa kijishamba cha nduma cha mama mboga, majani mapana kama sinia, yanang'aa. Kilikuwa kimekaa juu ya mstari wangu, chembamba na kirefu, kikielekea kulekule unakoelekea. Nikamuuliza hununua maji ya nani.

"Maji ya nini, baba? Hizi huwa sizimwagilii."

Nikampigia keretaka simu, kwanza kumwomba msamaha. Kisha nikamwita Mzee wa nambari nne aje aone. Alisimama kando ya nduma, akapiga udongo kwa bakora mara mbili, akasema vyura walikuwa wengi zaidi upande wa kushoto.

Nimeangalia ramani. Kweli, buluu inapanuka kidogo kushoto.