Siku moja na mdoli wa futi sita

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimeshafungua karakana hapa Kisesa, Mwanza. Nikanoa tezo na patasi, nikafagia maranda ya jana, nikanywa chai. Kufika saa mbili mabega ya mdoli yalikuwa yameungwa.

Ukisema wewe mchongaji, watu wanawaza vinyago vya kupamba meza. Huyu wangu anakwenda kucheza Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, mwezi wa Juni. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Mdoli akigoma, umati unahamia kwa wenzenu.

Saa tatu hivi akaingia manju, kiongozi wa ngoma, aliyemwagiza mdoli huyu. "Mwangaluka, fundi." Kwapani ana mdoli wa marehemu babu yake, futi mbili tu. Akamtikisa, magoti yakalia ko-ko-ko. "Wangu mbona halii hivi?"

"Mzee, urefu ukiwa mara tatu, uzito unakuwa mara 27. Huyo wako ana kilo mbili. Nikichonga vilevile napata kilo 54, nani atambeba? Ndiyo maana nimemkomba kifua na tumbo."

Akagonga kifua. "Kinalia kama debe. Umenipunja mbao."

Akajivutia gogo, akakaa. Anataka mninga, halafu anataka mwepesi. Macho yawe makubwa. Pua ipungue, nikapunguza. Akainamisha kichwa, akatazama. "Aah, rudisha ilivyokuwa." Irudi vipi, mzee wangu? Mti ukishachongwa umechongwa. Mpaka adhuhuri yuko palepale, na mimi nina adabu zangu, siwezi kumfukuza mtu mzima.

Alipoondoka nikarudi kwenye magoti. Uso hata mwanafunzi wangu anachonga. Fundi utamjua kwenye goti. Ulimi wa paja unaingia kwenye mpasuo wa mguu, unapitisha pini ya chuma. Ukikaza, mguu unaganda. Ukilegeza, unakunjika kwa mbele kama wa mbuni. Msasa, ingiza, jaribu, toa. Msasa tena. Nikapigilia kipande cha ngozi nyuma ya goti kizuie, kikazuia mno, nikakibandua. Vumbi mpaka kwenye kope. Chakula sijui kama nilikula.

Giza lilikuwa linaingia mwanafunzi wangu alipomshika mdoli mabega, mimi nikavuta kamba. Goti la kushoto, ko. La kulia likakawia kidogo, kisha ko. Tena. Tena. Nikageuka: manju amesimama mlangoni, mabega yanamtikisika, midomo inafuata mdundo.

"Anacheza," akasema. "Ila ile pua, fundi..."