Eung

Fomu ya Zuwena iko juu ya friji tangu Jumatatu, inangoja saini yangu. Kwenye lugha ya kuchagua ameweka alama kwenye Kikorea. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini watu wanakunywa maji. BTS, baba, wale waimbaji wa Korea. Kila mtu anakitaka, wengine wamewekwa kwenye orodha ya kusubiri.

Orodha ya kusubiri! Mwaka 1999, hapahapa Los Angeles, darasa letu la Kikorea lilikuwa na viti vitupu mpaka mlangoni. Mimi niliingizwa kwa sababu Kihispania kilikuwa kimejaa. Wengi wa wenzangu walikuwa Wakorea waliozaliwa Marekani, waliosukumwa na wazazi wao, maana tangu 1997 kulikuwa na mtihani wa SAT wa Kikorea, wa kuombea chuo, na mzazi gani ataziacha alama za bure? Wenzangu weusi walikuwa wakinikejeli kwenye foleni ya chakula: eti najifunza lugha ya wenye maduka ili nipate kukopa. Ilikuwa miaka saba tu tangu maduka yale ya Wakorea yachomwe moto kwenye ghasia za 1992, na utani huo ulikuwa bado unanuka moshi.

Herufi hazikunishinda. Hangul, maandishi ya Kikorea, ina herufi 24 za msingi, na Mfalme Sejong aliitangaza 1446 ili hata mtu wa kawaida aweze kusoma. Baada ya wiki mbili nilikuwa nasoma mabango ya Koreatown kutoka dirishani kwa basi, kwa sauti, bila kuelewa hata moja. Namba nazo zilinifurahisha. Wana seti mbili, moja ya kwao na nyingine yenye asili ya Kichina. Saa inatajwa kwa hii, dakika kwa ile. Nikajisemea, sisi nasi sita, saba na tisa tuliazima kwa Waarabu, tukanyamaza.

Ninachokikumbuka hasa ni Jumanne moja. Nyuma yangu aliketi kijana Mkorea aliyelelewa na bibi yake. Alikijua Kikorea, tulimsikia akiongea na bibi huyo kwenye simu ya ukutani, lakini darasani hafungui mdomo. Siku hiyo mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, alimuuliza kama amemaliza kazi ya nyumbani. Bila kuinua kichwa akajibu, "Eung."

Eung ni ndiyo. Lakini ni ndiyo ya kumwambia rafiki, mdogo wako, au bibi aliyekuogesha na asiyejali. Mwalimu hujibiwa "ne". Mkono wa mama yule ulibaki hewani na kipande cha chaki kisichozidi ukucha. Kimya kile nilikuwa nakijua. Nilikisikia Chumbageni, kwetu Tanga, nikiwa na miaka minane, nilipompita mzee mmoja barazani bila shikamoo, na bao likasimama, kete mkononi.

Kisha mtu akacheka. Ni mimi. Darasa zima likafuata.

Masikio ya kijana yakawa mekundu kuanzia ncha. Akajaribu kurekebisha: "Eung-yo." Alichukua ile "yo" ya heshima inayowekwa mwishoni mwa sentensi, akaibandika kwenye neno lisiloipokea. Tukacheka zaidi. Mwalimu hakucheka. Alisema "ne" polepole, akaliandika ubaoni, akaendelea na somo. Wiki iliyofuata kijana alihamia useremala. Mimi nilipata A.

Jana usiku mama alipiga kutoka Tanga, video, kama kawaida yake bila kujali huku ni saa ngapi. Nikampa Zuwena simu.

"Hujambo, mjukuu wangu?"

"Poa."

Uso wa mama uliganda kwenye skrini. Nilidhani mtandao umekatika, nilitamani uwe umekatika. Nikamnong'oneza binti yangu, sema shikamoo.

"Poa, shikamoo," akasema Zuwena.

"Marahaba," akajibu mama baada ya muda. "Huko kwenu baridi?"

Fomu bado iko juu ya friji. Kiswahili hakimo kwenye orodha yao. Nimeangalia mara mbili.