Nilivyoandika wasifu wa fundi wa magobore

Wasifu wa marehemu huku kwetu Moshi una njia yake, na kila aliyewahi kukaa msibani anaijua: alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Baba Mkubwa alipofariki, kamati ya mazishi ilinitwisha kazi hiyo kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda na kompyuta. Nikaandika ukurasa mzima nikiwa mjini. Nilipoupitia nikaona unafaa kusomwa kwa mwalimu, kwa karani, kwa yeyote yule. Mhunzi wa Mamba aliyeyaunda upya magobore, zile bunduki za kushindilia, ya watu wa Rombo hadi Upareni hakuwamo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kaka, mwanawe mkubwa. "Mdogo wangu, andika alikuwa fundi chuma, inatosha. Unataka polisi waje msibani?" Hofu yake ilikuwa na msingi. Kumiliki silaha bila kibali ni kosa, na Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mchezo. Lakini mzee hakugusa gobore la mtu kabla ya kuona kibali, na lake mwenyewe familia ilishalikabidhi kituoni pamoja na karatasi zake. Tukakubaliana: bunduki zitatajwa, majina ya wenye bunduki hapana.

Nikaacha kuwauliza ndugu. Ndugu watakwambia marehemu alikuwa mcheshi na mkarimu. Nikawatafuta mafundi wenzake na wateja.

Kwa wahunzi wa Kokirie, kule Mamba, nilimkuta kijana akivuta mvukuto, mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, huu ukijaa ule unashuka, na mkuki ukiiva kwenye mkaa. Wazee wakanieleza kuwa zamani chuma kilitoka Ugweno, kwa Wapare, ambako ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Siku hizi wanafua springi za magari. Kazi ya bunduki iliingia baadaye, bunduki zilipopanda huku na misafara kutoka pwani. Nikauliza kama kweli Wachagga walikuwa na mafundi wa kuzitengeneza enzi hizo. Mzee mmoja akacheka. "Mangi Meli, mtawala wetu, aliwapiga Wajerumani hapa Moshi mwaka 1892. Mtambo wa bunduki ukimharibikia, unadhani aliupeleka Berlin?"

Aliyenipa wasifu wenyewe hasa ni mteja, babu mmoja wa huku chini tambarare, aliyekuwa akilinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, naye badala ya kujibu akaukunja mkono wangu. Akaweka kidole kwenye kikunjo cha kiwiko, akapima mpaka kwenye kidole changu cha shahada. "Hivi ndivyo alivyonipima, kama fundi cherehani. Hakukata mti kabla ya kujua mkono wako." Kitako cha bunduki alikichonga kwa mti wa mringaringa. Kikishakaribia, alikwambia ufumbe macho, uinue bunduki begani, kisha ufumbue. Jicho lisipokaa sawa na mtutu, kitako kinarudi kwenye tupa, hata kama umetoka mbali na umechoka kusubiri.

Kisha babu akanieleza jambo ambalo hata kaka hakulijua. Gobore hushindiliwa kwa mbele, na nyuma limezibwa, kwa hiyo huwezi kufungua ukachungulia kama kuna kitu. Mzee alilichukulia kila gobore lililoletwa kuwa limejaa, mwenyewe aape asiape. Aliuelekeza mtutu pembeni, mbali na watu na mbali na uso wake, akadondosha ufito wa chuma ndani, akatega sikio. Ukilia ngriii, mtutu ni mtupu na msafi. Ukitoa sauti ya kufa, kuna baruti au kuna uchafu. Kwenye uchafu hakuwa na huruma: masizi ya baruti hunyonya unyevu na kuuotesha mtutu kutu kwa ndani, kwa hiyo asiyeosha kwa maji ya moto baada ya kupiga alirudishwa nyumbani akaoshe kwanza. Aliyekuja amekunywa mbege alirudi bila bunduki yake.

Hakuwapamba wateja pia. Mtutu wa gobore ni laini ndani, hauna mifereji ya kuizungusha risasi, na yeye alilisema hilo wazi: "Ukizidi hatua 50 unaomba Mungu."

Mchungaji alinipa dakika chache tu. Shule nikaibana kwenye sentensi moja, vyeo vya kanisani moja, na nafasi iliyobaki nikaigawa kati ya kiwiko na ufito. Sikuandika kwamba ukali wake uliwakimbiza wanafunzi wote hadi hakuna aliyeirithi kazi ile ya bunduki. Waliokimbia walikuwepo palepale, wengine wamebeba jeneza.

Nilipofika kwenye maneno ya Baba Mkubwa kwa mteja aliyefika mlangoni, "Karatasi kwanza," wazee wa nyuma wakaangua kicheko katikati ya ibada, na kaka naye akacheka.

Wiki iliyofuata jirani akanipigia akitaka nimwandalie wasifu wa baba yake, fundi saa, bado mgonjwa kitandani. Nilimwambia anitafutie kwanza watu watatu waliowahi kumpelekea saa.