Wamama watatu wa Millet, na kiuno cha mama

Juzi mtoto wa kaka kaichomoa nyuma ya kabati ile picha niliyoichora, kaikodolea macho weee, halafu ananiuliza, "Shangazi, mbona hawa wamama hawana sura?" Nikamwambia nenda kacheze. Ila usiku wake sikulala mapema, nikawa nauwaza ule mwezi wa pili, joto la Moshi mnalijua, na mimi nipo uani na madishi ya maji najifunza kuchora kwa rangi za maji.

Aliyenifundisha ni kaka mmoja anawauzia watalii picha mjini, mlima na twiga, mlima na Wamasai, ndo zinazotoka. Rangi za maji alikuwa anafanya kwa raha zake tu. Akasema achana na maua, nakili kazi ya mtu aliyewaangalia watu wa shamba vizuri, akanipa ile ya waokota masuke ya Jean-François Millet, Mfaransa, ya mwaka 1857. Yenyewe ni ya rangi ya mafuta, ipo Paris kwenye makumbusho ya Orsay, mimi nikaprinti yangu steshenari, wino wa njano unaelekea kuisha, kwa hiyo mavuno yote yakatoka kijani kijani. Wamama watatu shambani baada ya mavuno, wawili wameinama kabisa wanaokota yaliyobaki, nyuma kule marundo ya nafaka na msimamizi juu ya farasi.

Kwenye mafuta mwanga unaweza kuupaka mwishoni. Kwenye maji hamna hiyo, mwanga ni karatasi yenyewe, unaamua mapema wapi hupagusi, unaanza na rangi nyepesi, inakauka, ndo unaongeza iliyokolea. Karatasi yenyewe nene ya gramu 300, unailowesha unaibana kwenye ubao na tepu isije ikajikunja. Anga ndo lilitutesa, ukipaka juu linakauka hujafika hata katikati, mpaka tukawa tunaanza alfajiri kabla jua halijapanda. Na ikishakuwa nusu kavu usiiguse, tone moja tu la maji linasukuma rangi pembeni linaacha doa lenye kingo za ajabu.

Sasa siku ya migongo mama akatoka na beseni la nguo. Akasimama nyuma yangu, kimya, muda mrefu. "Huyu wa kushoto umemwinamisha magoti." Nikamwambia mama ndo nanakili hivyo. "Hebu angalia vizuri." Akatua beseni, akakaza kanga, akainama palepale kwenye vumbi, miguu karibu imenyooka, kiuno ndo kimekunjika, mkono mmoja kaupeleka nyuma mgongoni, wa mbele unapapasa chini haraka haraka. Wa nyuma unashika ulichopata, akasema, ukikunja magoti kila suke, jua likizama hujajaza hata kibaba. Nikaangalia ile printi, kweli yule mama mkono wake upo mgongoni umeshika masuke, siku zote nilikuwa naona kivuli tu. Nikauchora mgongo ule kwa brashi moja, kahawia na bluu zikiwa bado mbichi zikaingiliana zenyewe, na ule ukanda wa begani nikauacha karatasi tupu. Mama bado kainama. "Umemaliza? Kiuno hiki."

Nilijua kwao walilima ndizi na kahawa juu huko. Kuokota masuke kajifunzia wapi, kwenye mashamba ya mpunga ya Chekereni au wapi, hakusema, na mimi mkono ulikuwa na rangi mbichi, nikasema nitamuuliza baadaye. Sijamuuliza mpaka leo, na simu tunapigiana kila siku.

Yeye alichouliza ni kama hawa ni kina Ruthu wa kwenye Biblia, yule aliyeokota masuke shambani kwa Boazi, basi Boazi ndo yule wa kwenye farasi? Mbona yuko mbali hivyo? Halafu nitaiuza shilingi ngapi. Nikasema siiuzi mama, ya kujifunzia. Akabeba beseni lake, akasema kumbe nimeinama bure, angalau ungemweka na twiga.